"Msimu ukifika nitafanya": watu wa Mtwara na Lindi, tukiacha kuahirisha tunafaidika nini?

Karani wa Mizani

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nafanya kazi ya mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika huku Tandahimba. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, mimi ndiye yule mnayemkuta nyuma ya daftari, mnamwita majina mazuri gunia likipita na majina mengine gunia likirudishwa. Nimeshazoea.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jibu moja ambalo huku kwetu linatosha kila swali: msimu ukifika. Choo kimetitia, msimu ukifika. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, msimu ukifika. Jino linauma tangu Ramadhani, msimu ukifika. Ukimdai mtu anakujibu hivyo hivyo, tena kwa upole, mpaka unajisikia vibaya kwamba umemdai.

Sikatai kwamba hela yetu inakuja mara moja kwa mwaka na bati halinunuliwi kwa maneno. Ila mengi tunayoyasukuma mpaka msimu hayahitaji hela, au yanahitaji kidogo. Na msimu wenyewe ukishafika nani anayakumbuka? Novemba ina harusi zake, Desemba ina jando na unyago, vijana wana pikipiki zao za kununua. Januari ikiingia choo bado kimetitia na jino limeshang'olewa kwa mkopo.

Faida ninayoiona mimi kwa macho ni ya daraja la ubora. Korosho haipotezi daraja siku ya mnada, inalipoteza Agosti na Septemba shambani. Mtu aliyefyeka na kufagia chini ya mikorosho kabla matunda hayajaanza kudondoka, anaokota kila siku, anatenganisha bibo (lile tunda lenyewe) na korosho siku hiyo hiyo, anaanika juani siku mbili tatu, anachambua. Huyo akija kwangu hatuna maneno, gunia linapanda, linashuka, anachukua karatasi yake anakwenda. Yule wa "nitafyeka wiki ijayo" korosho zake zinadondokea kwenye majani, zinalala na umande, bibo linaziozea, na mvua za mwanzo zinazikuta pale pale. Akisikia mnada umekaribia anazikusanya zote kwa mkupuo, anazileta mbichi. Zinarudishwa zikaanikwe au zinaangukia daraja la pili. Mikorosho yao imepakana, mbegu walichukua pamoja, na mvua iliyonyesha ni moja.

Kabla ya hapo kuna salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unapenda majani machanga na maua, na unapenda ubaridi wetu wa Juni na Julai. Salfa ni kinga zaidi kuliko tiba. Ukiwahi maua yanapoanza kutoka inakusaidia, lakini ukingoja mpaka mashada yawe meupe kama yamemwagiwa sembe, kupulizia hakurudishi ua lililokwisha kauka. Halafu salfa ya unga inataka alfajiri, upepo haujaanza na umande bado upo ili unga ushike kwenye majani. Kwa hiyo "nitaanza saa nne nikishakunywa chai" nako ni kuahirisha, hata kama siku ni ile ile. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, hapo nje kidogo ya Mtwara mjini, wamelisema hili kwa miaka mingi.

Sasa kangomba. Mnajua ilivyo, mtu anakuja Juni au Julai na hela taslimu, anakununulia korosho zikiwa bado maua, kwa kipimo chake na bei yake. Minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyekwisha kuuza kwa kangomba alizisikia bei hizo redioni kama habari za nchi nyingine. Serikali inaikataza na viongozi wanakemea kila mwaka, lakini kangomba haivunji mlango wa mtu, inamkuta amebanwa. Nami nikiwasikiliza watu waliobanwa, mara nyingi (sisemi zote) kilichowabana kilikuwa kidogo miezi minne nyuma. Homa iliyongojewa mpaka ikawa ya kulazwa. Chakula kilichouzwa Juni kwa sababu "nitanunua kingine". Sare ya shule.

Jambo jingine, kuahirisha si uvivu. Nilikuwa nadhani ni uvivu mpaka nilipoanza kusoma. Piers Steel, mwanasaikolojia wa Kanada, mwaka 2007 alikusanya tafiti nyingi zilizofanywa juu ya jambo hili akazichambua kwa pamoja. Kazi inaahirishwa zaidi kama inachukiza, na kama faida yake iko mbali. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wakaandika kwamba anayeahirisha anakimbia hisia mbaya ambayo ile kazi inampa, anaona nafuu kwa sasa na deni analiacha kwa yule atakayekuwa yeye kesho. Angalieni mtu anayeahirisha kwenda kuonana na anayemdai. Utamkuta siku hiyo amefagia uwanja, amechota maji, amerekebisha jembe. Kazi amefanya nyingi, isipokuwa ile moja.

Nauliza, nani humu aliacha tabia hii akaona tofauti? Aseme amepata nini hasa, maana nasaha za jumla tunazo za kutosha.

Dogo wa Shangani

Nimeweka kambi hapa. Nitasoma kesho 😂

Bibo Chungu

Karani, nakuheshimu, lakini uzi huu umeandikwa na mtu mwenye posho. Sisi tulio huku Newala hatuahirishi, tunakosa. Maneno mawili tofauti hayo. Mimi napenda kweli kufagia mikorosho Agosti. Agosti hiyo hiyo niko kwenye kibarua shamba la mtu ili watoto wale. La kwangu nalifikia mwisho. Utaniita muahirishaji?

Na wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kuna mambo mengi ambayo aliyengoja alipata. Mwenye kuuza kangomba ndiye aliyeharakisha, si ndiyo? Aliyevumilia akauza mnadani ndiye aliyengoja. Kwa hiyo mfano wako mwenyewe unakupinga.

Karani wa Mizani

Mtani, hiyo ya kangomba umenipiga chenga, nakiri. Lakini tazama vizuri. Aliyevumilia mpaka mnada hakukaa tu. Alikuwa na akiba ya mihogo na mbaazi ndani, alishamaliza kulipa mashine ya kupulizia, hakuna aliyekuja kumgongea usiku. Uvumilivu wake ulijengwa na mambo aliyoyafanya mapema. Anayesubiri anajua anasubiri nini na mpaka lini. Mimi nikingoja mvua ndipo nipande, nina sababu. Nikingoja "nikae sawa" ndipo nikachukue cheti cha mtoto, sababu sina, nina maneno.

La kibarua nakubaliana nawe kabisa, wala sitakuita muahirishaji. Kuna watu wa nchi tajiri wanatuandikia vitabu vya kupanga muda kana kwamba kila mtu ana muda wake mwenyewe. Ila nikuulize kwa heshima, Novemba uliyouza, je, hukuwa na hata sehemu ndogo ya hela ambayo ingeweza kumlipa mtu akufagilie Agosti?

Bibo Chungu

Novemba hela ilikuwepo. Agosti haikuwepo. Ndiyo maisha.

Karani wa Mizani

Hapo hapo ndipo nilipotaka tufike, na ushahidi wake ni wa wakulima kama sisi. Kule Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliona wakulima wa mahindi wengi wanasema watatumia mbolea msimu ujao, na wanasema kweli, lakini wakati wa mbolea ukifika hela imeshakwenda. Wakajaribu mpango uliopewa jina SAFI. Badala ya kumfuata mkulima wakati wa kuweka mbolea, walimfuata mara baada ya kuvuna, hela ikiwa bado mkononi, wakamwambia: lipa sasa, mbolea utaletewa bure siku utakayotaka. Punguzo lenyewe lilikuwa hilo la usafiri tu, na lilikuwa na siku ya mwisho. Walionunua waliongezeka sana, karibu sawa na kama wangepewa punguzo kubwa zaidi la bei baadaye kwenye msimu. Utafiti huo ulichapishwa 2011, na Duflo na Kremer walikuwa miongoni mwa watatu waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Hakuna aliyewahubiria wale wakulima wala kuwaambia wabadilike tabia. Ni kama sisi tungeuondoa uamuzi wa Agosti tukaupeleka Novemba, basi.

Mama Ufuta

Hodi humu ndani. Niko Ruangwa, korosho kwetu zipo lakini mimi naishi kwa ufuta, na ufuta hauna huruma na anayengoja.

Ufuta ukikomaa majani yanageuka njano na kuanza kupukutika, na yale maganda ya mbegu ya chini yanaanza kupasuka. Hapo hapo unakata. Unafunga miganda, unaisimamisha ikauke, ukija kuipiga unaipigia juu ya turubai. Ukisema "nitaanza Jumatatu" kwa sababu wikiendi kuna ngoma, Jumatatu unakuta mbegu ziko chini kwenye mchanga na wewe una mabua. Huwezi kuzichambua tena zile, labda uwe kuku. Kila mwaka mwezi wa Mei na Juni kuna mtu wa namna hiyo kijijini kwetu, na kila mwaka anasema ni mkosi.

Mimi faida niliyopata naitaja waziwazi. Nilipoanza kununua turubai na kuzungumza na vibarua wangu mapema, kabla ya watu wote kuwahitaji, nikawa napata wale wazuri, kwa bei ya kawaida. Kila mtu akivuna wiki moja vibarua ndio wanaopanga bei. Na mume wangu (yeye anasema nisimuweke humu, namuweka) ameacha kugombana na mimi mwezi wa tano. Zamani mwezi wa tano nyumba ilikuwa haikaliki.

Kaka Bibo Chungu, nakuelewa sana. Mwanamke ana shamba, ana watoto, ana maji ya kuchota, halafu aambiwe apange muda. Lakini yapo yanayokaa bila gharama yoyote. Kliniki kwa mfano, mjamzito anatakiwa aanze kabla ya wiki 12, na wanawake wengi huku tunaanza tumbo likishaonekana kwa sababu "bado mapema". Ukianza mapema presha inaonekana mapema, damu ikipungua inaonekana mapema. Kuna wadogo zangu wawili wamejifungua salama kwa sababu hiyo tu.

Mvuvi Msimbati

Bahari haikupi nafasi ya kuahirisha. Bamvua linakuja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakikupwa wamama wanashuka na vijiti vya pweza. Ukisema utashuka kesho kutwa maji yameshabadilika, ungoje tena.

Ila sisi wavuvi tuna ujanja wetu. Bamvua tunawahi, chombo hatukarabati. Kusi likivuma Juni mpaka Agosti wengi hatutoki, na huo ndio wakati wa kukalafati (kuziba nyufa za chombo), kushona nyavu, kupaka rangi. Tunakaa kijiweni tunacheza bao. Bahari ikitulia, mwenye chombo kizima anaondoka siku ya kwanza na samaki wake wanafika sokoni wakiwa peke yao, bei yake mwenyewe. Wengine ndiyo kwanza wanatafuta pamba na sifa, yale mafuta ya samaki, ya kukalafatia. Ukitoka wiki mbili baadaye unawakuta samaki wamejaa sokoni.

Sina la zaidi, simu inaisha chaji.

Dogo wa Shangani

Nimerudi, na leo ndiyo kesho niliyosema 😂

Mimi nizungumzie mkopo wa elimu ya juu maana humu najua kuna wazazi na wadogo zetu wa kidato cha sita. Dirisha la kuomba linapofunguliwa watu wanaona muda upo mwingi. Fomu yenyewe inajazwa mtandaoni, hata jioni moja inatosha. Tatizo ni vinavyotangulia. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho. Kisha kuna kurasa za kusainiwa na serikali ya mtaa, na wakili au hakimu. Kila kimoja hakichukui muda mrefu peke yake, lakini kila kimoja kiko mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo hana haraka yako. Mwenyekiti kaenda msibani Masasi. Wakili yuko mahakamani. Jina kwenye cheti linasoma Mohamedi na cheti cha shule Mohamed, hapo unaanza upya.

Aliyeanza mapema akikutana na hilo la jina ana muda wa kulirekebisha. Aliyeanza siku tatu za mwisho anakutana nalo pamoja na mtandao unaokwama, kwa sababu nchi nzima iko kwenye mfumo usiku huo. Nimekaa kwenye vibanda vya intaneti hapa Mtwara siku za mwisho, watu wanalia kweli kweli. Faida ya kuwahi siyo kwamba wewe una akili sana, ni kwamba makosa yako yanakuwa na siku za kurekebishwa.

Halafu nina swali kwa wakubwa. Mbona hakuna aliyewataja mafundi cherehani? Uzi wa kuahirisha bila fundi ni pilau bila bizari.

Fundi Mikindani

Nilijua nitaitwa.

Haya, nimekaa kwenye cherehani miaka mingi, niwaambie "njoo kesho" inatoka wapi. Mnadhani fundi amesahau au anakula hela yenu. Mara nyingi fundi anajua kabisa, tangu siku unaleta kitambaa, kwamba hatamaliza. Ila umekuja na tabasamu, umekuja na jirani yake, umetanguliza hela, na yeye siku hiyo ana shida ya hela. Kusema "sitaweza" kunamuuma. Kwa hiyo anasema "Ijumaa". Ijumaa ikifika bado kusema ukweli kunamuuma, anasema "kesho". Ule ni woga. Anashindwa kukataa, anakataa kwa kukuchosha.

Hapa kwangu ukija, daftari lipo wazi, limeandikwa kila wiki nguo za nani. Wiki ikijaa imejaa, utaandikwa wiki inayofuata au uende kwa mwenzangu pale mtaa wa pili, na nitakuelekeza mwenyewe. Watu walikasirika mwanzoni. Mmoja aliniambia nimekuwa na maringo kama benki. Sasa hivi wateja wanaongezeka, na wanalipa kabla, kwa sababu wanajua tarehe iliyoandikwa ndiyo tarehe. Shule mbili zinanipa sare zao bila kuuliza bei kwa mwingine. Na nalala. Zamani usiku wa kuamkia Idi fundi halali, na asubuhi yake anajificha wateja wasimwone msikitini, Idi yenyewe anaiswalia mbali.

Sasa na ninyi wateja! Kitambaa mnaleta mwezi ishirini na nane wa Ramadhani. Sare za Januari mnaleta tarehe 3 Januari na shule inafungua wiki ile. Duka linajua, bei ya kitambaa imepanda, mimi najua, wewe ndiye peke yako umeshangaa kwamba mtoto amekua.

Mwalimu wa Nachingwea

Fundi umenena. Mimi nimekuwa nikiwatazama wanafunzi kwa muda na niongeze jambo kwenye lile la Karani.

Kuna utafiti wa Dianne Tice na Roy Baumeister wa mwaka 1997 uliofuatilia wanafunzi wa chuo Marekani kwa muhula mzima. Mwanzoni mwa muhula wale waahirishaji walikuwa na raha kuliko wenzao, msongo mdogo, magonjwa machache. Hili watu hawapendi kulisema, lakini ndiyo kweli, kuahirisha kuna utamu wake, ndiyo maana tunaahirisha. Muhula ulipofika mwisho mambo yaligeuka, msongo ukawa juu na wakaugua zaidi, na ukijumlisha muhula wote waliugua kuliko wengine. Alama zao pia zilikuwa chini. Wale wanaosema "mimi nafanya vizuri nikibanwa" waliangalie hilo la alama.

Darasani kwangu kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, na wakati huo huo korosho zinadondoka na mzazi anamtaka mtoto shambani. Mwanafunzi aliyesema "nitasoma sana Oktoba" anaikuta Oktoba si yake. Wanaofaulu huku ni wale waliofika Oktoba wakiwa wamebakiza kurudia tu, na wengi wao si wale wenye akili kali, mnisamehe kwa kusema hivyo.

Kinachowasaidia ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Peter Gollwitzer, Mjerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu kupanga kwa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile". Usiseme "nitasoma hisabati". Sema "nikishatoka kuchota maji jioni, nitakaa chini ya mwembe nifanye maswali mawili". Jambo linafungwa kwenye jambo jingine ambalo utalifanya tu. Nimewaambia wanafunzi waandike hivyo kwenye jalada la ndani la daftari. Wengine wanacheka, wengine wanafanya.

Mama Ufuta

Mwalimu hilo la kufunga jambo kwenye jambo sisi tunalifanya bila kujua. Mimi dawa ya presha ya mama mkwe iko kwenye kopo la majani ya chai. Chai hajawahi kuisahau.

Bibo Chungu

Nimesoma yote, hata ya fundi. Fundi, kitambaa changu cha mwaka juzi kiko kwa mwenzako wa Newala, umenifanya nimuelewe, sijamsamehe.

Nabaki na msimamo wangu kwamba hela ndiyo mzizi. Na msisahau kuna mwaka kama 2018, minada iligoma, Serikali ikanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliokaa miezi wakingoja malipo yao. Mwaka ule ungepanga nini na wakati hela hujui itaingia lini? Aliyekuwa amefagia mapema na asiyefagia wote walikaa kwenye foleni moja.

Karani wa Mizani

Kweli kabisa, mwaka ule ulivunja mipango ya watu wengi waliokuwa wamefanya kila kitu sawasawa. Kuwahi hakukupi mamlaka juu ya bei wala juu ya malipo. Nami nawaona watu wanaowahi kila kitu na bado ni maskini, sitadanganya humu.

Ila mwaka ule ule, nani alivuka bila kuuza shamba? Waliokuwa na chakula ndani na hawana madeni madogo madogo yaliyolundikana. Hawakuwa matajiri.

Bibo Chungu

Hiyo nimekubali nusu.

Basi nijibu kama mtu wa mizani, si kama mwalimu. Hela ya Novemba ikiingia, kabla ya harusi na kabla ya shemeji zangu kujua, niipeleke wapi kwanza? Maana mkisema "panga" mnaishia hapo hapo.

Karani wa Mizani

Mimi ningeanza na chakula cha kufikia mavuno mengine, mahindi au mihogo mikavu, kwa sababu njaa ndiyo inayomleta mtu wa kangomba mlangoni. Si lazima ununue chote siku moja, ila kiingie ndani kabla ya Krismasi.

Halafu mtafute mwenye mashine ya kupulizia na mtu wa kukufagilia Agosti. Ongea nao Novemba hiyo hiyo, lipa sehemu. Najua utaniuliza kama atakimbia na hela, na wapo wanaokimbia, kwa hiyo chagua mtu wa kijiji kimoja nawe, mbele ya balozi wa nyumba kumi, na karatasi. Wengi watakupunguzia, maana Novemba hawana kazi ya mashine, wanahitaji hela.

Sare na madaftari ya Januari nunua Novemba. Fundi ameshasema sababu. Kama hamna bima ya afya nyumbani, hela yake iwekwe kando siku ile ile, isingoje mtu augue.

La bure kabisa: njoo ofisini kwetu au kwenye chama chako kabla pembejeo hazijaanza kugawiwa, uangalie jina lako kwenye daftari la wakulima, idadi ya mikorosho, na namba ya simu. Kila mwaka kuna watu wanakosa salfa au malipo yanakwama kwa sababu namba ni ya laini waliyoipoteza. Januari na Februari ofisi iko tupu, nakaa peke yangu. Ukija Juni utakuta foleni mpaka nje kwenye mwembe na mimi sina muda hata wa kukusalimia.

Bibo Chungu

Laini yangu niliipoteza mwezi wa saba.

Karani wa Mizani

Njoo na kitambulisho cha NIDA na laini mpya. Asubuhi, kabla ya saa nne.